Bosco na Boma Lililofagiwa

Juzi mmoja wenu, wale mnaopanga vyumba vyangu hapa Nchiru, akiwa anafua nguo pale kwa mfereji aliniita guka, yaani babu, akaniuliza: "Guka, sasa nyinyi mlikuwa mnashika watu aje, na hamkuwa na kamera wala simu?"

Nikamjibu, "Kwa pua."

Mkacheka. Mkacheka mpaka mwenye kibanda cha chapati akatoka kuangalia kuna nini. Sawa, chekeni, mimi sina shida. Lakini sikuwa natania. Nimefanya kazi ya polisi tangu nikiwa kijana mwenye meno yote hadi nilipokabidhi sare na buti, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa nimeshika ncha moja ya kamba, na upande ule mwingine kulikuwa na mbwa. Kwa hiyo kaeni niwaeleze. Na yule anayebonyeza simu, aiweke mfukoni kidogo, haitakimbia.

Kwanza mjue tulikotoka. Nilipoandikwa kazi, Uhuru ulikuwa bado mbichi. Kituo changu cha kwanza kilikuwa na Landrover moja, nayo ilikuwa inawaka ikipenda. Tulienda doria kwa miguu, kutoka kituo mpaka soko, kutoka soko mpaka milima, na mvua ikitupata tulinyeshewa na bunduki zetu kama mbuzi wasio na mwenyewe. Halafu kila mwaka kikawa kinakuja kitu kipya. Mwaka mmoja ililetwa redio ya upepo, na haki ya Mungu, siku ile ya kwanza niliposikia sauti ya mtu aliye Embu ikitoka kwenye sanduku nikiwa Meru, nilivua kofia bila kujua. Mwaka mwingine wakaja askari wanawake, na wazee wakasimama kando ya barabara kuwatazama wakipiga gwaride, midomo wazi. Kisha nyumba za mabati zikawa za mawe. Hata leo nikiliona jeshi lote la polisi lilivyo kubwa, na nikikumbuka ile Landrover yetu, nashangaa sana. Nani angeamini?

Na kila mwaka kulikuwa na ukaguzi. Ukaguzi si mchezo! Wiki nzima hatukulala vizuri. Mawe ya kando ya njia yanapakwa chokaa, vifungo vinang'arishwa, nyasi zinakatwa kwa panga hadi zinalingana. Halafu anakuja mkuu wa polisi wa mkoa, tuliyemwita PPO, na fimbo yake kwapani, anauliza kila idara: mwaka huu mmefanya nini?

Hapo ndipo sisi wa mbwa tulipokuwa tukitetemeka.

Mbwa wangu aliitwa Bosco. Alikuja kutoka Nairobi, mweusi mgongoni, hudhurungi miguuni, sikio moja limekatika ncha. Alikuwa mbwa wa kufuata harufu, peke yake kwa Embu na Meru yote. Akiitwa Maua, tunaenda Maua. Akiitwa Karurumo, tunageuza gari. Aliyenifundisha kumshika ni Sajini Kiema, mzee mmoja mnene aliyekuwa anaongea na mbwa kwa heshima kuliko alivyoongea na sisi. Siku ya kwanza nilimwonyesha mbwa kwa kidole mahali nilipodhani mwizi alipitia. Sajini akanipiga kofi mkononi.

"Wewe una pua?"

"Ndiyo, afande."

"Inanusa nini sasa hivi?"

"Chai, afande."

"Basi kunywa chai, uache mwenye kazi afanye kazi. Shika kamba, funga mdomo. Siku utakapomwambia mbwa mahali pa kwenda, siku hiyo utakuwa umempoteza mbwa na mwizi pamoja."

Maneno hayo niliyashika kama katekisimu. Na mambo niliyoyaona nyuma ya kamba ile! Kuna wakati pale Maua mtu aliibiwa miraa, mafungu yake yote ya siku, usiku wa kuamkia soko. Bosco alinusa gunia lililobaki, akapita katikati ya watu, katikati ya punda, katikati ya harufu ya majani ya miraa iliyojaa mji mzima, akafika barabarani, akakaa katikati ya lami. Pikapu zinapiga honi, yeye amekaa. Ametazama upande wa Nairobi. Mwenye miraa akaniuliza, "Sasa amechoka?" Nikamwambia, "Hapana, anakuonyesha miraa yako ilikoenda." Ilikuwa imeshapakiwa, imeondoka. Watu walicheka, lakini mimi nilikaa pale nikimwangalia mbwa yule. Alichagua harufu moja katika mji wenye harufu moja. Mnaelewa hilo?

Lakini kuonyesha barabara si kumshika mtu, na ukaguzi ulitaka watu walioshikwa.

Tatizo letu, nyinyi mliozaliwa hapa mnalijua, ni roho nzuri ya watu wetu. Mtu akipiga nduru, kijiji kizima kinakimbia kuja. Wanaume na mapanga, kina mama na watoto mgongoni, mwalimu na chaki mkononi. Hakuna anayeuliza mara mbili. Ni jambo zuri sana, na linamuua mbwa wa polisi kabisa. Tukifika, mahali mwizi alipokanyaga pameshakanyagwa na tarafa nzima. Bosco ananusa, ananiangalia, kama anasema: afande, nianze na nani?

Basi mwaka ninaouzungumzia ulikuwa mbaya. Mvua, nduru, watu wengi. Bosco hakushika hata mtu mmoja. Ukaguzi ukafika mwezi wa saba, ile baridi yetu ya ukungu inayoingia hadi kwenye mfupa. PPO akasimama mbele ya kibanda cha mbwa. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, koti la gwaride limenyooka, medali kifuani.

"Mwaka huu ameshika nani?"

"Hakuna, afande."

"Anakula nini?"

"Nyama na unga, afande."

Akageuka kwa msaidizi wake. "Mwisho wa mwezi arudishwe Nairobi. Hapa tunahitaji askari, si mgeni wa kula."

Vijana, mbwa aliyerudishwa kwa sababu ya kushindwa kazi hakupewa kazi nyingine. Ninyi ni wakubwa, mnajua alifanywa nini. Na Bosco amekaa pale, kifua mbele, anatikisa mkia kwa PPO kama amepewa cheo.

Kabla hatujapewa amri ya kutawanyika, askari wa redio akaja mbio. Ujumbe umetoka kituo cha polisi cha Runyenjes. Naibu wa chifu amekuja kwa baiskeli kutoka kijiji kimoja juu ya Karurumo: kuna bibi mzee amepotea tangu jana jioni. Akili yake siku hizi inakwenda na kurudi. Amelala nje na baridi ile. Wametafuta usiku kucha na tochi na hawakumpata. Kila mtu pale uwanjani alijua maana yake. Usiku mmoja labda. Wa pili, hapana.

PPO akaniangalia. "Huyo mbwa anaweza kumtafuta mtu asiye na kosa?"

"Afande, mbwa hajui kosa. Anajua mtu."

Halafu akasema, "Ingieni kwenye gari langu," na akaingia yeye mwenyewe na koti lake la gwaride.

Njiani nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo. Nilikuwa naomba kwa ajili ya yule bibi, na sitawadanganya, niliomba kwa ajili ya Bosco pia. Nilijua nitakuta umati. Kumbe niliyoyakuta yalikuwa mabaya zaidi.

Tulipoingia, boma lilikuwa linameta. Limefagiwa hadi mistari ya ufagio inaonekana, kutoka mlangoni hadi kwenye ghala la mahindi. Hakuna jani. Hakuna alama ya mguu hata ya kuku. Na kwenye kamba ya nguo, nguo za bibi zote zimeanikwa zinachuruzika maji: gauni, sweta, leso za kichwa, hadi blanketi. Mkaza mwanawe, mama mmoja mchangamfu aliyeitwa Mama Njeru, akaja kutupokea akijifuta mikono. Macho yamevimba kwa kulia, lakini kitambaa kichwani kimefungwa vizuri.

"Karibuni sana. Mtuwie radhi, tumefua haraka haraka tuliposikia polisi wanakuja."

Nikamuuliza, "Mama, umefua kila kitu?"

"Kila kitu, afande!" Na aliinua kichwa. "Wageni wa serikali wakute nguo za mama yetu chafu? Watasema tulikuwa hatumtunzi."

Ningefanya nini? Ningemgombeza? Mama yule alikuwa hajalala, amelia usiku mzima, na bado alipata nguvu ya kusugua blanketi ili mama mkwe wake asiaibike mbele ya watu. Ilikuwa heshima tupu. Na kwa heshima hiyo alikuwa ameosha kila uzi ambao Bosco angenusa, na kuifagia njia yenyewe. Nyuma yangu nilisikia PPO akivuta pumzi.

"Mama Njeru," nikasema polepole, "hakuna kitu chake kimoja, hata kidogo, ambacho hukukiosha?"

Akafikiri. Halafu akainamisha macho kidogo. "Ni kiondo tu. Hicho sikugusa. Cucu, bibi wa watoto, hataki mtu aguse kiondo chake. Ataniuliza akirudi."

Akirudi. Alisema hivyo.

Kilikuwa chini ya ghala, kiondo kimefika nusu, nyuzi zikining'inia, na kando yake donge la uzi. Nyinyi mnaonunua mifuko ya duka hamjui kiondo kinasukwaje. Mama anachukua nyuzi, anazilowesha kwa mate, anazisokota juu ya paja lake tupu kwa kiganja, uzi baada ya uzi, siku baada ya siku. Kwa hiyo katika uzi ule kulikuwa na jasho lake, na mate yake, na ngozi yake. Hakuna nguo duniani iliyomjua bibi yule kama kiondo kile. Nilipiga magoti nikakiangalia na machozi yakanijaa, PPO akiona, na sikujali.

Lakini watu walikuwa wameanza kumiminika. Wanakuja kusaidia, wanatoka kila upande, mzee mmoja tayari anapiga kelele, "Twendeni upande wa mto!" Wakienda, imekwisha. Mwambie mtu wa Embu ajizuie kusaidia, hakusikii. Nikaona mchungaji wao na Biblia yake kwapani. Nikamkimbilia.

"Mchungaji, tunahitaji maombi. Ya watu wote. Hapo kwa uwanja wa kanisa, na mtu asitoke mpaka mbwa arudi."

Akanitazama, akaelewa nusu, lakini nusu ile ilitosha. Akainua mkono, akaita watu waombe. Na mapanga yote, na watoto wote, na yule mzee wa mto, wakageuka wakaenda kanisani. Hakuna mtu huku kwetu anayeweza kukataa maombi. Wimbo ukaanza, na shamba lote likabaki tupu kwa ajili ya Bosco.

Nikamvalisha mikanda ya kifua. Akivaa mikanda, alikuwa anabadilika, si mbwa wa kucheza tena. Nikampa kiondo. Akaingiza pua ndani, akakaa humo, macho nusu yamefungwa. Nikamwambia neno moja: "Tafuta."

Akaenda moja kwa moja hadi kwenye lundo la takataka nyuma ya migomba na kuanza kuchimba.

PPO akatazama saa yake. Mama Njeru akashika kinywa. Mimi ilibidi nisimame nifikiri, ndipo nikaona: ufagio! Harufu yote ya nyayo za bibi ilikuwa imefagiwa na kutupwa pale. Bosco hakukosea hata kidogo. Alikuwa ananiambia, bibi wenu mmemtupa huku.

Basi nikafanya kama Sajini Kiema alivyonifunza. Nikamtoa nje kabisa ya mahali palipofagiwa, nikamzungusha polepole kwa mduara mkubwa, nyuma ya zizi, nyuma ya choo, kando ya nyasi za nepia, kamba imelegea, mdomo nimefunga. Tukazunguka. Hakuna. Tukazunguka tena kwa mbali zaidi. Pale kwenye mstari wa kwanza wa kahawa, Bosco akasimama ghafla kama ameitwa kwa jina. Kichwa kikashuka. Na kamba ikakaza mkononi mwangu.

Enyi vijana! Nimeona mengi, lakini hakuna kinachoshinda kamba ile ikikaza. Ni kitu ambacho huwezi kukiona, huwezi kukisikia, na bado kinakuvuta.

Tukateremka katikati ya kahawa inayochuruzika, tukavuka kijito juu ya gogo, tukapanda upande wa pili kwenye matope. PPO nyuma yangu, alianguka mara kadhaa, koti la gwaride likawa rangi ya udongo, akainuka akaendelea. Tukapita kando ya shule, watoto wakabandika pua zao kwenye madirisha. Wimbo wa kanisani tulikuwa tunausikia kwa mbali, ukipanda na kushuka. Tukaingia shamba la mtu tusiyemjua, kahawa kubwa, nzee. Mwenyewe akatoka na kikombe cha uji.

"Hapa hakuna bibi," akasema. "Nimezunguka shamba asubuhi yote."

Bosco alikuwa amekaa chini. Anaangalia kichaka cha pembeni, kando ya ua, mahali pasipolimwa. Kimya tu. Nikaona hakuna kitu. Nikamwona PPO amepauka kwa uchovu. Mkono wangu ukaanza kuvuta kamba, nimrudishe tujaribu kwingine, na hapo hapo nikasikia kofi la Sajini Kiema kwenye mkono ule ule. *Wewe una pua?* Nikaiachia kamba.

Bosco akaingia kichakani peke yake. Kisha kikatoka kile kilio chake chembamba cha kusema amempata mtu.

Bibi alikuwa amekaa kando ya mawe matatu ya jiko, mawe ya zamani yaliyozama ardhini, yenye kuvu. Alikuwa ameshikilia magoti, midomo imekuwa ya buluu, hana viatu. Baadaye wazee walitueleza: hapo ndipo palikuwa nyumbani kwa baba yake, kabla watu hawajahamishwa wakati wa ukoloni na ardhi kugawanywa upya. Mwenye shamba hakujua. Hakuna aliyejua, isipokuwa miguu ya bibi. Alikuwa amerudi kwao.

Bosco akalala juu ya miguu yake iliyoganda. Hakufundishwa hilo. Bibi akamwekea mkono kichwani, akamuuliza kwa Kiembu, kwa sauti ya mtoto msichana:

"Mama amekutuma uniite?"

PPO akapiga goti matopeni, akavua koti lake na medali zake zote, akamfunika. Medali zikawa zinagongana polepole kwa sababu bibi alikuwa anatetemeka. Halafu akasimama na shati lake jeupe lililolowa, akanyoosha mgongo, akaweka viganja sawa, akampigia saluti mbwa. Si kwa mzaha. Nimeshaona saluti za marais kwenye viwanja vya michezo, na sijawahi kuona nyingine iliyopigwa vizuri namna ile.

Tulipomleta kanisani amebebwa, wimbo ulikatika katikati. Mama Njeru alianguka kwa magoti. Kitu cha kwanza bibi alichomwambia, akili ilikuwa imerudi kidogo kwa sababu ya uji moto wa yule mwenye shamba: "Nani ameshika kiondo changu?"

Kwenye gari, tulipokaribia mji, PPO akasema, "Kwenye ripoti ya mwaka hakuna mahali pa kuandika hii. Hakuna kesi. Hakuna mshtakiwa."

"Ndiyo, afande."

"Basi ripoti ndiyo ina shida."

Mwisho wa mwezi ukaja, na lori la Nairobi likaja. Nililiona likiingia langoni nikaweka chai chini. Lakini halikuja kuchukua mbwa. Lilishusha mbwa mwingine, jike mdogo mwenye makucha makubwa, na askari kijana wa kufundishwa. Leo nasikia vikosi vya mbwa viko kila mahali, na magari yao, na daktari wao. Mimi nikipita hapo nje ya kambi yao nikisikia wakibweka, nasimama kidogo barabarani, na watu wanadhani nimepotea.

Bado kuna jambo moja, halafu mrudi kwa vitabu vyenu.

Siku moja mahindi yakiwa mabichi, nilikuwa nyuma nikimsugua Bosco, nikasikia mabishano kwa meza ya mapokezi. Nikachungulia. Ni bibi yule, amevaa gauni safi sana, Mama Njeru amemshika mkono, na kifuani amekumbatia kiondo. Kimekwisha. Kina mistari ya rangi, kizuri ajabu.

"Nimekuja kumwona askari wangu," anasema. "Nimemletea hiki."

Askari wa zamu, kijana mwenye adabu, kalamu mkononi: "Sawa, cucu. Anaitwa nani?"

"Sijui jina."

"Basi namba yake? Cheo? Yukoje, ni mrefu, ni mfupi?"

Bibi akafikiri. Akili ilikuwa inakwenda na kurudi, lakini siku hiyo ilikuwa imekaa nyumbani.

"Ana mkia," akasema.